Tovuti nafuu kwa biashara ndogo: Shika funguo zako kabla ya kumaliza malipo

Na Mwandishi Wetu

JIONI ya Oktoba 4, 2021, mitandao ya Facebook, Instagram na WhatsApp ilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Chanzo chake kilikuwa kosa lililotokea wakati wa matengenezo ya mitambo ya kampuni inayoimiliki mitandao hiyo.

Kwa mtu wa kawaida, lilikuwa jambo la kukosa gumzo la jioni. Kwa mfanyabiashara mdogo aliyekuwa akionyesha bidhaa zake Instagram na kupokea oda kwa WhatsApp, ilikuwa sawa na kukuta duka lake limefungwa kwa kufuli la mtu mwingine.

Tukio hilo lilipita, lakini swali lililoachwa nalo bado lipo: mteja anayetaka kuijua biashara yako atakupata wapi siku ambayo mtandao wa kijamii umezimika, au akaunti yako imefungwa ama kuibwa?

Jibu ni tovuti, yaani anwani ya biashara yenyewe kwenye intaneti. Kinachowafanya wengi wasite ni gharama. Wapo wanaoamini kwamba tovuti ni ya mabenki na makampuni makubwa, na wapo waliokwisha kulipa fedha nyingi wakaambulia kurasa zisizofunguka.

Ukweli ni kwamba tovuti yenye sura ya kitaalamu imo ndani ya uwezo wa fundi cherehani, mpishi wa shughuli au mwenye nyumba ya wageni. Hata hivyo, unafuu wake haupimwi kwa bei ya siku ya kwanza. Hupimwa kwa mambo mawili: kama utaweza kuilipia mwaka hadi mwaka, na kama ni yako kweli.

Malipo matatu yanayochanganywa

Tumchukulie fundi samani wa Keko, jijini Dar es Salaam, anayetengeneza vitanda, makabati na sofa. Akimwendea mtaalamu wa tovuti, huenda akatajiwa bei moja ya jumla. Ndani ya bei hiyo kuna vitu vitatu tofauti, na ni haki yake kuuliza kila kimoja kinagharimu kiasi gani.

Cha kwanza ni jina la tovuti, ambalo wataalamu huliita jina la kikoa au domeni. Ndiyo ile anwani inayoishia na .com au .co.tz. Cha pili ni nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana ikihifadhi kurasa za tovuti. Cha tatu ni kazi ya kuzitengeneza kurasa zenyewe.

Mwenye duka ataelewa kwa urahisi. Jina ni bango la duka, seva ni fremu ya kupanga, na kurasa ni bidhaa zilizopangwa ndani. Ukitofautiana na mwenye fremu, unabeba bango na bidhaa zako unahamia fremu nyingine, na wateja wanakufuata. Lakini kama bango limeandikishwa kwa jina la mtu mwingine, wateja hawataona pa kukufuata.

Jina na nafasi kwenye seva hulipiwa kila mwaka. Kazi ya kutengeneza kurasa hulipiwa mara moja, ingawa matunzo yake huendelea. Mfanyabiashara asiyeelezwa mchanganuo huu hujikuta mwaka wa pili akidaiwa fedha ambazo hakuzitarajia, na hapo ndipo tovuti nyingi za biashara ndogo zinapofia.

Jina liandikwe kwa nani?

Hili ndilo jambo ambalo wengi hulipuuza, na ndilo linaloumiza zaidi. Kwa kawaida mfanyabiashara humwachia mtaalamu kila kitu. Kijana wa watu, bila nia mbaya, hulisajili jina kwa akaunti yake mwenyewe na kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka.

Baada ya mwaka, kijana huyo amepata ajira kwingine, amehama mji au amebadili namba ya simu. Notisi za kukumbusha malipo huenda kwake, si kwa mwenye biashara. Hakuna anayelipa, na siku moja tovuti haifunguki.

Wakati huo anwani ile imekwisha kuchapishwa kwenye bango la karakana, kadi za biashara, risiti na ubavuni mwa gari la kupelekea mizigo. Barua pepe zenye jina hilo nazo zimekatika.

Kwa majina ya .com, msajili akisha kulifuta jina lililopitisha muda wake, mwenye jina hupewa siku 30 za kulikomboa kwa ada ya ziada. Siku hizo zikipita, jina hukaa siku tano likisubiri kuondolewa, kisha huwa huru kwa yeyote anayelitaka. Anayewahi ndiye anayepata. Wapo watu ambao kazi yao ni kuvizia majina yaliyoachwa ili wayauze kwa bei kubwa.

Kinga yake ni rahisi na haigharimu chochote. Fungua wewe mwenyewe akaunti kwa msajili, kwa jina lako au la biashara yako, kwa barua pepe yako na namba yako ya simu. Lipa mwenyewe. Kisha mpe mtaalamu ruhusa ya kufanya kazi yake.

Aliyekwisha kuwa na tovuti anaweza kujipima leo hii. Usitegemee sana kuangalia kumbukumbu za usajili zilizo wazi kwa umma, kwa kuwa siku hizi majina ya wamiliki mara nyingi hufichwa kwa ajili ya faragha. Kipimo cha kweli ni kimoja: je, unaweza kuingia kwenye akaunti ya jina lako bila kumpigia mtu simu? Kama huwezi, jina hilo bado halimo mikononi mwako.

.co.tz au .com?

Majina yanayoishia na .tz husimamiwa chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na kuuzwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Biashara hutumia .co.tz, mashirika yasiyo ya kibiashara .or.tz, vyuo .ac.tz na serikali .go.tz. Hoteli nazo zina .hotel.tz.

Kwa fundi wa Keko ambaye wateja wake wako Dar es Salaam, Kibaha na Morogoro, .co.tz inatosha na inamtambulisha kuwa ni biashara ya hapa nchini. Anayewauzia watalii au wanunuzi wa nje huweza kuhitaji .com pia. Ikiwa fedha inaruhusu, ni busara kusajili yote mawili ili mshindani asilichukue lililobaki.

Ili usitozwe kupita kiasi, ni vyema kujua bei ya chini inaanzia wapi. Septemba 2024, bei ya jumla ambayo kampuni ya Verisign, msimamizi wa .com, huwatoza wasajili ilipanda hadi dola 10.26 za Marekani kwa mwaka. Msajili huongeza faida yake juu ya hapo. Anayekutoza mara kumi ya kiasi hicho kwa jina la kawaida lisilo na mmiliki, basi anauza kitu kingine, na huna budi kumwuliza ni kitu gani.

Chagua jina fupi, linalotamkika kwa simu bila kulirudia mara tatu, na lisilo na vistari. Lipatane na jina la biashara ulilosajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Lakini kumbuka kwamba usajili wa BRELA haukupi haki ya moja kwa moja ya jina la tovuti. Hizo ni daftari mbili tofauti, na kote kuwili ni lazima uandikishwe.

Fremu ya kupanga: nafasi kwenye seva

Tovuti ya kurasa chache zenye maandishi na picha haihitaji seva ya peke yake. Nafasi ya pamoja, ambamo tovuti nyingi hukaa kwenye seva moja, inatosha na ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Tovuti ya namna hiyo mara nyingi haijazi hata gigabaiti moja. Anayekusukuma ununue seva nzima kwa ajili ya kuonyesha sofa ishirini anakuuzia basi la abiria sitini kwa safari ya watu wawili.

Kabla ya kulipa, uliza maswali manne. La kwanza, bei ya mwaka wa pili ni kiasi gani? Makampuni mengi hutoa punguzo kubwa mwaka wa kwanza, kisha bei hupanda maradufu au zaidi. Hesabu yako ifanye kwa bei ya mwaka wa pili.

La pili, je, cheti cha usalama kimo ndani ya bei? Hicho ndicho kinachoifanya anwani ianze na https. Tangu Julai 2018, kivinjari cha Chrome humwonya msomaji kwamba tovuti isiyo na cheti hicho si salama. Mteja akiona onyo hilo atakimbia. Vyeti hivyo hupatikana bure kupitia Let's Encrypt, huduma isiyo ya kibiashara iliyoanza kuvitoa mwaka 2015. Kwa biashara ndogo, hakuna sababu ya kukilipia fedha nyingi.

La tatu, nakala za akiba huchukuliwa mara ngapi, na je, nawe unaweza kujichukulia yako? La nne, tovuti ikizima usiku, ni nani anayepokea simu?

Suala la mahali ilipo seva nalo lina uzito wake. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi nyingine kadhaa za ukanda huu. Njia ya kwenda nje ikiziba, tovuti iliyo ughaibuni humfikia mteja wa hapa kwa taabu. Kama wateja wako wote wako nchini, linganisha pia bei za makampuni ya ndani yenye seva zake hapa.

Nani aitengeneze?

Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kutumia huduma za kujitengenezea zinazolipiwa kwa mwezi, ambapo unachagua kiolezo kilicho tayari na kujaza maneno na picha. Ni njia ya haraka na haihitaji ujuzi mkubwa. Kasoro yake ni kwamba katika huduma nyingi za aina hiyo, tovuti haihamishiki. Ukiacha kulipa, unaondoka na jina lako na picha zako tu, na kurasa unazijenga upya.

Njia ya pili ni WordPress, programu huria na ya bure iliyotolewa mara ya kwanza Mei 2003, ambayo sasa huendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Faida yake kwa mwenye biashara ndogo ni kwamba mafundi wanaoijua ni wengi. Mmoja akiondoka, mwingine anaweza kuendelea pale alipoishia. Tena ukurasa wa kubadilishia bei unafanana na ule wa kuandikia barua, hivyo mwenyewe utajifunza.

Hata hivyo, WordPress isiyosasishwa huvamiwa. Programu yenyewe na vipachiko vyake vinapaswa kusasishwa kila toleo jipya linapotoka. Aidha, jihadhari na violezo vya kulipia vinavyogawiwa kinyemela bila malipo. Mara nyingi ndani yake kuna maandishi ya siri yanayomfungulia mhalifu mlango wa nyuma.

Njia ya tatu ni kuagiza tovuti iandikwe upya kuanzia mwanzo. Biashara ndogo kwa kawaida haina haja nayo. Ni ghali, na mara nyingi aliyeiandika ndiye pekee anayeielewa.

Wengi watafaa kwa njia ya pili, kwa kumlipa mtaalamu aiweke na kuipamba, kisha awafundishe namna ya kubadilisha bei na picha. Kinachopandisha gharama ni idadi ya kurasa, mfumo wa kupokea malipo na kazi ya kuandika maneno. Anayekuja na maneno na picha zake tayari ana nguvu ya kuomba apunguziwe.

Kurasa tano zinatosha

Tovuti ya kwanza ya fundi wetu haina haja ya kuwa na kurasa hamsini. Ukurasa wa mwanzo, wa bidhaa, wa kazi zilizokwisha kufanyika, wa kumwelezea yeye na karakana yake, na wa mawasiliano: hizo tano zitafanya kazi yote.

Kosa la kwanza ni kuficha bei. Ule mtindo wa mitandaoni wa kumwambia mteja aje faragha ndipo atajiwe bei humchosha mtu aliyeko kazini anayelinganisha mafundi watatu. Andika bei, au angalau inapoanzia. Eleza mbao ni mninga au msonobari, kazi huchukua siku ngapi, malipo ya awali ni kiasi gani, na usafiri unalipwa na nani.

Kosa la pili ni picha nzito. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa huweza kufika megabaiti 4. Picha kumi za namna hiyo kwenye ukurasa mmoja ni megabaiti 40, na mteja anayetumia bando la siku ataufunga ukurasa kabla haujafunguka. Zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, ukurasa mzima ni megabaiti 2 tu, na macho hayataona tofauti kwenye simu.

Kosa la tatu ni kuikagua tovuti kwenye kompyuta ya mtaalamu pekee. Wateja wako wengi watakuja kwa simu. Ifungue kwenye simu ya bei ya chini, mahali penye mtandao hafifu, uone kama namba ya simu inabonyezeka na kama maandishi yanasomeka bila kuvutwa.

Andika kwa Kiswahili fasaha kama wateja wako ni Waswahili, na uongeze Kiingereza pale tu panapohitajika. Ukiweka namba ya kulipia kwa simu, taja pia jina litakalotokea kwenye simu ya mlipaji, ili mteja athibitishe kabla ya kubonyeza. Weka na ramani ya kufika.

Pamoja na tovuti, andikisha biashara yako kwenye ramani za Google. Huduma hiyo ni bure, na ndiyo humleta mteja anayetafuta fundi aliye karibu. Mtu akikuahidi kwa fedha kwamba lazima utakuwa wa kwanza kwenye Google, usimwamini. Google yenyewe inaeleza kuwa hakuna anayeweza kutoa dhamana hiyo.

Mkataba wa ukurasa mmoja

Mambo haya yote yaandikwe kabla ya kazi kuanza, hata kama mtaalamu ni mtoto wa jirani. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha. Utaje idadi ya kurasa, tarehe ya kukabidhi, idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya bei, na gharama za kila mwaka zikiwa zimetenganishwa.

Utaje pia kwamba jina ni mali ya mwenye biashara, na kwamba kurasa, picha na maandishi vitakuwa vyake mara atakapomaliza kulipa. Malipo yagawanywe: sehemu mwanzoni, sehemu kazi inapoonekana, na sehemu ya mwisho baada ya kukabidhiwa funguo.

Funguo hizo ni nne: akaunti ya jina, akaunti ya seva, akaunti ya kuingilia kwenye tovuti na nakala kamili ya tovuti. Ziandike kwenye daftari unalolitunza pamoja na leseni ya biashara, ukionyesha tarehe ya kulipia upya. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Tarehe hizo zikumbuke mwenyewe, kwa kuwa walaghai nao huzifuatilia. Hutuma barua pepe zinazofanana na ankara, zikidai jina lako linakaribia kufutwa na kukutaka ulipe kupitia kiungo kilichomo. Usibonyeze. Ingia kwenye akaunti yako ya msajili kwa njia uliyoizoea, uone kama deni hilo lipo.

Iwapo tovuti yako inakusanya majina na namba za simu za wateja, fahamu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakuhusu. Sheria hiyo inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzitunza taarifa hizo kwa usalama. Kama huna haja ya fomu, usiiweke. Namba ya simu inatosha.

Mwisho, fanya hesabu ya miaka mitatu badala ya mwaka mmoja. Chukua gharama ya kutengeneza, ongeza jina na seva kwa miaka mitatu, kisha gawanya kwa miezi 36. Ukipata kiasi ambacho mauzo ya kitanda kimoja yanaweza kukibeba, tovuti hiyo ni nafuu kwako. Kama sivyo, punguza kurasa, lakini usipunguze umiliki.

Na siku ya makabidhiano, usitoe malipo ya mwisho kwa kuonyeshwa tu kurasa zinavyong'ara. Keti na mtaalamu wako, shika simu yako mwenyewe, ingia kwenye kila akaunti na ubadilishe maneno ya siri mbele yake. Akaunti zote zikifunguka, lipa, shukrani zitolewe, na duka liwe lako.